Risasi hamsini za Jumamosi: raha ya kupiga makopo kwa rivolva ndogo ya .22

MstaafuWaBombo (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa. Nyuzi za bunduki humu nimezisoma nyingi, na karibu zote ni za msiba au za kutambiana: nani kapigwa, nani kanyang'anywa, ipi inatoboa ukuta. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo sijaliona likizungumzwa humu, nalo ni raha ya kukaa jioni mbele ya makopo matano ya nyanya na rivolva ndogo mkononi, yaani bastola ya silinda inayozunguka, huna adui, huna mnyama unayemwinda, huna wa kushindana naye.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, hapa Uganda. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, Mwingereza Lugard akawachukua mwaka 1891, na tangu hapo kila kizazi nyumbani kwetu kimevaa buti. Nami nilizivaa miaka ishirini na miwili, kisha nikafundisha walinzi wa kampuni miaka sita. Muda wote huo sikupiga risasi hata moja kwa furaha. Kila risasi ilikuwa na daftari lake: ya mtihani, ya zoezi, na zile ambazo mtu hapendi kuzikumbuka. SMG, yaani ile AK-47 ya jeshi, ukishaizoea inakaa begani kama jembe. Unaibeba, unaisafisha, unalala nayo ubavuni. Kuipenda sikuwahi.

Nilipostaafu nilihamia Nakaseke, kwenye kipande cha malisho nilichonunua kidogo kidogo kwa akiba. Jirani yangu, mzee mfugaji, alikuwa anauza ng'ombe wake arudi kwao Mbarara kukaa na watoto. Alikuwa na rivolva ya Smith & Wesson, ile K-22 ya mtutu wa inchi sita ambayo tangu 1957 kiwanda kinaiita Model 17. Ameimiliki kwa cheti miaka mingi, na hakutaka kuhama nayo uzeeni. Akaniuliza kama naitaka. Nikamwambia nitaitazama tu. Nilipoishika nikajua naitaka.

Chuma chake ni cha buluu iliyokolea, karibu na nyeusi. Mpini ni wa mti, umelainika mahali ambapo gumba la yule mzee lilikuwa linakaa, na sasa langu linakaa hapo hapo. Ina uzito wa kilo moja na kidogo. Kwa risasi ndogo kama ile, huo ni uzito mwingi, na ndiyo siri yake: chuma kizito, baruti kidogo, mkono hautikisiki.

Jumamosi yangu iko hivi. Baada ya Alasiri, ng'ombe wakishakunywa maji, nachukua sanduku moja la risasi, hamsini kamili, na gunia la makopo. Natembea robo saa mpaka kwenye shimo la murami walilochimba watu wa barabara wakaliacha. Ukuta wake una kimo cha watu wawili, udongo wake laini, na nyuma yake kilima kitupu. Napanga makopo matano juu ya gogo chini ya ukuta, narudi hatua kumi na tano, navaa miwani, naziba masikio.

Halafu napakia. Sehemu hii naipenda kuliko hata kupiga kwenyewe. Risasi ya .22, yaani ya kipenyo cha inchi 0.22, ni ya aina wanayoiita rimfaya, na nzima, pamoja na ganda lake, ina urefu wa sentimita mbili na nusu tu. Imepakwa nta, inaacha weusi kidogo kwenye ncha za vidole. Naiingiza moja, inateleza hadi mwisho wa tundu lake, inagota. Nyingine. Huwezi kuharakisha, vidole vyenyewe vinakataa. Zikitimia sita nairudisha silinda ndani, inajifunga.

Navuta nyundo kwa gumba mpaka inase. Ncha ya mbele naiweka katikati ya kijipengo cha nyuma, nuru iwe sawa kushoto na kulia. Jicho langu linabaki kwenye ncha, na kopo naliacha liwe na ukungu. Vijana wengi wanakosea hapo, wanalikodolea macho kopo. Natoa nusu ya pumzi. Kidole kinakaza polepole, polepole, na risasi inatoka dakika ambayo mwenyewe sikuipanga. Pa! Halafu ting. Kopo linaruka, linajipindua hewani, linaanguka upande wa pili likiwa na tundu linalopitisha jua. Wazungu mchezo huu wameuita kwa sauti hiyo ya kopo. Sisi nyumbani tunasema kupiga makopo.

Kati ya ile nusu ya pumzi na ting, siwazi ada ya shule, siwazi goti, siwazi waliotangulia. Ukiacha sala, sijapata kitu kingine kinachonituliza hivyo.

Sita zikiisha nafungua silinda, nasukuma kijiti chake, maganda sita yanadondoka kiganjani yakiwa na joto. Napakia tena. Mara nane hivyo, arobaini na nane. Zinabaki mbili, na hizo mbili zina kazi yake.

Nani mwingine humu anapiga makopo? Na kama huna bunduki, wewe unatulizwa na nini? Tuzungumze.

KijanaWaArua

Shikamoo afande. Umeandika mpaka nimesikia harufu ya baruti. Nina swali la mtu asiyejua. Wenzangu wanasema hiyo .22 ni ya kuchezea, haiui mtu. Sasa kama umeshapata cheti, kwa nini usichukue 9 mm kama za polisi? Na hilo neno rimfaya maana yake nini?

MstaafuWaBombo

Marahaba mwanangu. Hilo la "haiui" lifute kabisa kichwani. Inaua. Ukiipiga juu bila kitu cha kuizuia inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kabla ya kuanguka, na huko inakoangukia kuna mtu anachunga mbuzi. Ndiyo maana nilitafuta ukuta wa udongo kabla sijatafuta makopo.

Rimfaya ni hivi. Chukua risasi ya SMG uigeuze uone kitako chake. Katikati kuna kijiduara, hicho ndicho kiberiti chake, pini inagonga pale. Hii ndogo ukiigeuza kitako ni kitupu. Dawa ya kuwashia imejazwa ndani ya ukingo, imezunguka kitako chote, kama unga unaobaki kwenye pindo la mfuko. Nyundo inaubana ukingo kati yake na chuma cha silinda, dawa inalipuka, baruti inashika. Yaani moto unaanzia ukingoni. Okota ganda langu lolote utaona kovu dogo pembeni, kama alama ya jino. Sasa ili ukingo ubonyee, shaba yake lazima iwe nyembamba, na shaba nyembamba haihimili nguvu nyingi. Ndiyo sababu imebaki ndogo miaka yote hii, na ndiyo sababu ganda lake hulijazi tena ukalitumia mara ya pili.

Asili yake inanifurahisha. Mfaransa mmoja, Flobert, mwaka 1845 alitengeneza kirisasi cha kulengea shabaha ndani ya nyumba. Hakikuwa na baruti hata chembe, ile dawa ya ukingoni peke yake ndiyo iliyokisukuma. Watu walikipiga sebuleni baada ya chakula. Mwaka 1857 Smith & Wesson wakatoa .22 Short kwa ajili ya rivolva yao ya kwanza, na 1887 kampuni ya Stevens huko Marekani ikatoa .22 Long Rifle, ambayo ndiyo ninayoitumia mimi. Kichwa chake kina gramu mbili na nusu hivi. Kwa hiyo ukoo wa risasi hii ulianza kwenye burudani, na mimi huwa nalifikiria hilo ninapopakia.

Kuhusu 9 mm: nimeipiga miaka, na nimewafundisha wengi kuipiga. Ina kishindo na teke, na mwili unaijua. Kabla hujavuta triga mkono umeshajikaza na jicho limeshafumba. Utampigia kelele mwanafunzi wiki nzima na bado mwili wake unajikinga. Mpe .22 siku mbili, mwili unagundua kwamba hakuna kinachouma, unaacha kujikinga wenyewe. Mimi niliyekuwa mwalimu niligundua uzeeni kwamba mkono wangu nao ulikuwa unajikaza tangu ujanani. Niliona ncha ikishuka kidogo, kila mara, kabla ya pa. Ilinichukua miezi mitatu ya Jumamosi kuiondoa.

Boda_Mbale

Mzee umenirudisha mbali. Mimi bunduki sina na sitaki, lakini hayo maelezo ya pumzi na kidole nayajua. Mimi yangu ni manati.

Tulipokuwa wadogo chini ya mlima tulikata panda ya mpera, maana mpera haupasuki. Unaikausha juu ya jiko wiki mbili inakuwa ngumu kama pembe. Mipira tulikata kwenye tyubu ya baiskeli, nyekundu zilikuwa bora kuliko nyeusi ila zilikuwa adimu. Pale pa kuwekea jiwe ni ulimi wa kiatu kilichokufa. Mawe hatukutumia, yana pembe yanapinda njiani. Tulifinyanga vidongo vya udongo wa kichuguu, duara, tukavianika kwenye bati. Kidongo kikikauka vizuri kinaenda sawasawa na kikigonga kopo kinavunjika unga, hakirudi usoni.

Mwaka huu nimemtengenezea mwanangu wa miaka tisa. Jioni nikirudi na pikipiki tunaweka kopo la Kimbo juu ya ukuta tunapiga zamu zamu, kimya kabisa, mpaka mama yake anakuja kuuliza kama tumegombana.

MstaafuWaBombo

Boda_Mbale, Mungu akubariki kwa kuyaandika hayo. Ni mchezo uleule. Mpira wa manati ukiuvuta mpaka kwenye taya na ukatulia pale, hakuna tofauti na nyundo iliyonasa. Hicho kidongo kinachovunjika kimenifundisha kitu leo. Mwambie kijana babu wa Nakaseke anamsalimia, na asiwapige ndege.

Mfugaji_Kiruhura

Afande, naomba utueleze njia ya cheti. Wengi hapa tuna mashamba na tungependa kufuata sheria, ila tukiuliza tunarushwa huku na huku.

MstaafuWaBombo

Nakueleza nilivyopita mimi, na wewe thibitisha polisi wa kwenu kabla ya kuanza. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anayekufahamu kweli, kisha unapanda ngazi kwa ngazi, wanakupeleleza tabia na sababu yako, wanakagua mahali utakapoihifadhi. Yangu ilichukua miezi kumi na moja. Faili langu lilipotea mara mbili katika ofisi ileile, mara ya pili nikiwa nimeshalia kwa hasira ndani ya basi la kurudi nyumbani, mtu mzima. Muda wote huo rivolva ilikuwa imehifadhiwa kituoni na sikuigusa. Usikubali njia ya mkato hata ukiitiwa na mtu mwenye cheo. Bunduki isiyo na karatasi itakuharibia hata hiyo raha, maana utaipiga huku unatazama nyuma.

Mwaka 2018 serikali ilipoagiza bunduki zote zichukuliwe alama, nami niliipeleka. Wanaipiga, wanahifadhi risasi iliyotoka, kwa sababu mifereji ya ndani ya mtutu inachora mistari yake kwenye risasi, mistari ambayo mtutu mwingine hauichori vilevile. Kuna waliolalamika. Mimi nilifurahi. Kama siku moja ikiibwa ikafanya uovu, nataka ijulikane ni ipi.

Na nyumbani iko ndani ya sanduku la chuma lililofungiwa ukutani, risasi kwenye sanduku lingine, funguo ninazo mimi. Wajukuu hawajawahi kuiona ikiwa nje ya sanduku wakiwa nyumbani.

MamaWaGulu

Nimesoma yote na nimesita kuandika, lakini naandika kwa heshima, mzee wangu.

Mimi ni mmoja wa wale watoto tuliotembea kila jioni kuingia mjini Gulu kulala kwenye baraza za maduka, tuliokuwa tunaogopa kukamatwa na waasi usiku vijijini. Sasa nina watoto wangu. Mama yangu ninakaa naye. Gari likipasua tairi barabarani, mama anashuka kitandani na kulala sakafuni, na hajui kwamba ameshuka mpaka tumwinue. Nakuamini unaposema unapata utulivu. Lakini wewe uko Nakaseke. Nakaseke mzee wangu! Watu wa huko waliona nini wakati wa vita vya msituni, 1981 mpaka 1986, unakijua kuliko mimi. Hiyo pa yako inapotoka kwenye shimo inaingia nyumbani kwa nani?

MstaafuWaBombo

Binti yangu, nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu. Umeuliza swali linalostahili, na nina jibu ambalo si la kujivunia.

Nilipoanza, nilimwarifu mwenyekiti wa LC1. Yeye aliwaambia wanaume pale dukani. Nikaona nimemaliza wajibu. Jumamosi ya tatu, nikirudi, nikapita kwa jirani wa upande wa pili wa kilima, bibi mmoja tunamwita Jjajja Nnalongo. Jikoni kwake moto ulikuwa unawaka na sufuria ya muhogo imekauka maji, inaungua. Mlango umefungwa. Nikabisha, kimya. Nikaita, kimya. Nikaepua sufuria, na nilipogeuka nikaona jicho la mtoto kwenye ufa wa mlango. Alikuwa amewaingiza wajukuu watano chini ya kitanda na kuwafunika godoro. Mume wake alichukuliwa 1983 kutoka uani palepale.

Niliketi chini ya mwembe wake, mgongo nimeupa mti, mikono nimeiweka wazi magotini aione. Alifungua jua likizama. Hakunigombeza. Aliwapa watoto maji kwanza, kisha akanipa na mimi.

Niliacha kabisa. Nilikaa miezi miwili sijafungua sanduku. Yeye ndiye aliyemtuma mjukuu: "Mwambie afande, kinachoniua ni kutojua. Aniambie siku, aniambie saa, aniambie ni ngapi." Tukakaa tukazungumza. Siku ni Jumamosi, saa ni baada ya Alasiri, idadi ni hamsini, na kabla ya kwenda shimoni napita kwake kila mara, mwenyewe, hata kama nimemwambia jana. Nikikuta ana mgeni asiyejua, au mtoto mgonjwa, au uso wake tu haukukaa vizuri, narudi nyumbani na sanduku langu.

Sikuambii kwamba hofu imemtoka. Sijui kama hutoka.

MamaWaGulu

Asante kwa kutonificha, mzee. Na siku akikwambia acha?

MstaafuWaBombo

Naacha siku hiyohiyo. Wanangu wanajua, nimewaambia.

MwlLira

Poleni kwa mliyopitia, dada na mzee. Naomba kuongeza la kiafya, mimi nafundisha kemia. Wote mnaopiga makopo mfahamu kwamba hizo risasi ni madini ya risasi yenyewe, Kiswahili kimetupa neno moja kwa vyote viwili, na ni sumu. Hasa kwa watoto, inaharibu ubongo. Ule weusi kwenye vidole, afande, usiingie mdomoni. Na masikio: bastola ndogo kama hiyo hupita desibeli 140, hapo sikio linaumia hata kwa mlio mmoja. Watu wanadanganywa na udogo wake.

Swali langu: chupa za bia mnazipiga? Nimeona kwenye video wanapenda sana.

MstaafuWaBombo

Asante mwalimu. Nanawa kwa sabuni na maji baridi palepale shimoni, nina dumu langu, na shati la Jumamosi halilali na nguo za wajukuu. Tonge siligusi kabla ya hapo.

Chupa sipigi na aliyekuja nami akiweka chupa naondoka. Kigae cha chupa kinakaa ardhini miaka, na kwetu mtoto anapita pale peku na ng'ombe anapita pale akilisha. Mawe sipigi. Maji sipigi, risasi inaruka juu ya maji kama kijiwe cha mtoto ziwani. Na kichuguu, nawaomba sana, msikitumie kama kinga. Najua kinavutia, kipo kila mahali na ni kikubwa kama nyumba. Lakini kikikauka ni kigumu kama saruji na kimeviringika, risasi inaweza kukikwaruza tu ikaenda inakotaka. Nikimaliza, makopo yote yanarudi kwenye gunia, maganda nayahesabu. Yaliyotoka hamsini yanarudi hamsini.

Makopo bora ni yale madogo ya nyanya. Kopo la maziwa ya unga ni kubwa, unalipiga popote unajisifu bure. La nyanya kwa hatua kumi na tano linataka heshima. Ukitaka kujipima zaidi, tundika kizibo cha soda kwa uzi. Siku nilipopiga kizibo kwa mara ya kwanza sikumwambia mtu, nilikitia mfukoni, na bado kipo mezani kwangu nikiandika haya.

Fundi_Jinja

Afande, chuma cha umri huo unakitunzaje? Na kweli rivolva za aina hii hazitakiwi kufyatuliwa zikiwa tupu?

MstaafuWaBombo

Ni kweli kwa hizi za zamani, usifanye. Hakuna ukingo wa shaba wa kupokea pigo, kwa hiyo pini inaweza kugonga mdomo wa tundu lenyewe, chuma kwa chuma. Kidogo kidogo mdomo unapata kovu, na risasi zinaanza kukwama. Mimi nikitaka kufanya zoezi bila risasi natia maganda yaliyokwisha kutumika, nayazungusha ili kovu lisikae mahali pamoja.

Kuisafisha ni kazi ndogo. Nta na masizi hujaa kwenye matundu ya silinda kuliko kwenye mtutu. Ukisikia risasi ya sita inaingia kwa kusukumwa, ujue umechelewa. Kitambaa, brashi, mafuta tone moja. Tone moja, Fundi, watu wanamwaga kama wanakaanga chipsi.

Jambo moja zaidi kwa wanaoanza. Kwa sababu dawa imezungushwa ukingoni, mara nyingine upande mmoja unakosa. Unavuta triga, unasikia tak tu. Usiitazame mdomoni, usifungue silinda haraka. Mtutu ubaki unaangalia ukuta, hesabu mpaka thelathini taratibu, maana nyingine huchelewa kuwaka. Kisha fungua, izungushe risasi ile kidogo ili nyundo ipate upande mpya, ujaribu tena. Mara nyingi inakubali.

KijanaWaArua

Afande, mara nane kwa sita ni arobaini na nane. Nimesubiri uzi mzima utuambie kazi ya zile mbili.

MstaafuWaBombo

Nilikuwa nataka niandike hili baada ya MamaWaGulu kuuliza, nikaona nijipe usiku mmoja kwanza.

Zile mbili ni za Jjajja Nnalongo. Zile arobaini na nane napiga polepole, unaweza kunywa funda la chai kati ya moja na nyingine. Mbili za mwisho nazipiga kwa kufuatanisha, pa-pa, kwenye udongo, sitafuti kopo. Tulipatana hivyo. Akisikia pa-pa anajua hakuna nyingine mpaka wiki ijayo. Anafungua mlango, mtoto mkubwa anakwenda kuwafungua mbuzi kwenye kamba, maisha yanaendelea.

Mwaka jana, mwezi wa masika, nikafika kwenye zile mbili. Ya kwanza ikalia. Ya pili, tak. Nikahesabu thelathini, nikaizungusha, tak. Nikaizungusha tena, tak. Nikaitoa, nikaitia kwenye kopo lake pembeni, nikafungasha. Mvua ilikuwa inakuja, nikashika njia ya juu ambayo haipiti kwake. Nilikuwa na furaha siku ile, nilikuwa nimepiga makopo thelathini na tisa.

Magharibi niko kwenye baraza nyumbani, mvua imekatika, nasikia mbuzi wanalia kule chini. Mbuzi wake. Saa hiyo wanatakiwa wawe ndani. Nikasimama na kiatu kimoja.

Nilimkuta ndani, gizani, watoto wote wamekaa ukutani kimya na blanketi magotini. Hakuwa chini ya kitanda safari hii, alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya mlango. Akaniambia, "Nimesikia arobaini na tisa." Alikuwa ameisubiri hiyo moja muda wote huo.

Tuliwaingiza mbuzi pamoja, tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilitaka kumwambia nitaacha. Akanikatiza, akasema tatizo ni kwamba sikuja.

Tangu siku hiyo napita kwake kwenda na napita kwake kurudi, mvua au jua. Jumamosi iliyopita alikuwa anamenya muhogo uani. Hakuinua kichwa aliposikia hatua zangu.

"Leo zote zimelia?"

"Zimelia zote, jjajja."

"Najua. Nilihesabu." Akasogeza ungo, akanionyesha kisu cha pili.